Songwe Ipi?



Juma hili nataka kuwaeleza habari ya ndoa moja iliyokaribia kuvunjika kwa sababu ya jina la mto, na jinsi ramani za zamani zilivyotusaidia.

Sisi wa Tunduma tu watu wa mpakani. Mtu analala huku, shangazi yake yuko Nakonde, Zambia, na binamu yake ameolewa Chitipa, Malawi. Mpaka huu hawakuuchora babu zetu. Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya mwaka 1890. Mwaka 1898 wapimaji wao wakapita nchi yote kutoka Ziwa Nyasa mpaka Ziwa Tanganyika. Na mwaka 1901 mapatano ya mwisho yakatiwa sahihi. Basi ndugu wa nyumba moja wakawa chini ya serikali mbili.

Kijana wa parokia yetu alitaka kumwoa binti wa Nakonde. Ndoa ilipotangazwa mara ya pili, mzee mmoja alikuja ofisini akasema, "Padre, hawa ni ndugu. Babu zao wote wawili walitoka Songwe, na ukoo wao ni mmoja." Mama wa binti aliposikia alilia. Nguo zilikuwa zimekwisha kushonwa, na mbuzi wamekwisha kulipwa. Lakini Kanisa lakataza ndoa ya ndugu wa karibu, na mila zetu ni kali kuliko hapo. Padre akaniambia, "Karani, tafuta ukweli. Una majuma mawili."

Nilianza na vitabu vya ubatizo. Babu ya binti aliandikwa kwa kijiji ambacho hakuna mtu anayekijua leo. Hapo ndipo nikatafuta ramani. Wajerumani walichora nchi hii yote katika karatasi nyingi, ambazo sentimeta moja ni kilometa tatu. Baadhi ya maktaba za Ujerumani zimezipiga picha na kuziweka katika mtandao, na kijana mwenye simu nzuri anaweza kukufungulia. Ziko pia ramani zilizochorwa baadaye kutokana na picha za ndege, ambazo sentimeta moja ni mita 500 tu. Hizo waweza kuziulizia katika idara ya serikali ya upimaji na ramani.

Kuzisoma kwataka subira. Mjerumani aliandika "j" pale tuandikapo "y", kwa hiyo Nyasa utaikuta imeandikwa Njassa. Soma kwa sauti, usisome kwa macho tu. Tena, vijiji vingi viliitwa kwa jina la mkuu wake. Mkuu alipohama, jina lilihama naye. Alipokufa, mara nyingi jina lilikufa pia. Kwa hiyo jina moja laweza kuonekana mahali pawili katika ramani mbili, na yote ni kweli. Lakini kijito hakihami na jina la mkuu, wala kilima. Anza na hivyo.

Nikamwuliza bibi ya yule binti, "Bibi, mlikuwa mkichota maji wapi?" Jina la kijiji alikuwa amelisahau, lakini kijito alikitaja mara moja. Tukakikuta katika ramani, karibu na jina lile la kitabuni. Tukakifuata kwa kidole mpaka kilipoingia katika Songwe, nao Songwe ule ukaenda kaskazini, ukaishia Ziwa Rukwa.

Bibi ya kijana naye akataja kijito chake. Hicho tulikikuta upande wa Ileje, nacho kilikwenda katika Songwe mwingine, ule wa mpakani na Malawi unaomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Kumbe mito ni miwili, jina ni moja! Tangu mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2016 na kuitwa Songwe, watu wamezidi kuchanganya.

Hata hivyo ramani haikumaliza shauri, maana watu wa ukoo huhama. Bali ilituonyesha mzee wa kuulizwa. Tulipanda mpaka Ileje, na mzee wa huko akatuhesabia mababu, mmoja mmoja, mpaka kizazi cha tano. Hakuna hata mmoja aliyetoka upande wa Rukwa. Tukamwita yule mzee wa kwanza, akasikiliza, akasema, "Nilisikia Songwe, sikuuliza ni ipi." Jumamosi iliyofuata alikula pilau pamoja nasi.

Ndugu zangu, lichukueni neno hili nyumbani. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi walihamishiwa katika vijiji vipya, na mahame yao yakaota miti. Watoto wetu hawajui yalipo. Ramani iliyotokana na picha zilizopigwa kabla ya hapo yaweza kuonyesha njia na nyumba za zamani, lakini haitakuambia nani alilala katika nyumba ile. Hilo analijua bibi yako, naye hatakuwapo siku zote.

Nunua daftari. Andika kijito, kilima, jina la mkuu wa kijiji, majina ya babu na bibi, na mwaka kama wajulikana. Ukiangalia ramani, andika na mwaka wake, maana kila ramani yasema habari za siku zake tu. Wala usiichukue ukamnyang'anye jirani shamba: ramani ya zamani si hati ya kiwanja.

Bibi ya yule binti alifariki kabla ya Kwaresima. Jina la kijito chake tumekwisha kuliandika.

Wenu,
Karani wa Parokia, Tunduma