Tenda Wema, Usiende Zako

Katika siku za Oktoba ambapo Watanzania humkumbuka Mwalimu Nyerere, barabara kadhaa za Dar es Salaam hufungwa kwa saa chache alfajiri ili kuwapisha wakimbiaji na watembeaji wa mbio za hisani zinazoandaliwa na vilabu vya Rotary. Katika miji mingine, vilabu vya Rotary na Lions huandaa matembezi, chakula cha jioni cha hisani, kambi za macho, upimaji bure wa presha na kisukari, na siku za kuchangia damu. Mandhari yake yamezoeleka: fulana za rangi moja, turubai, kipaza sauti, mgeni rasmi, na mwishowe mfano wa hundi unaokabidhiwa mbele ya kamera. Jioni turubai hufunguliwa, viti hurudishwa kwa mwenyewe, na uwanja hubaki na chupa tupu za maji.

Shughuli hizo ni njema, na historia yake haikuanza jana. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris pamoja na wenzake watatu. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo kwa jamii ilikuwa kupigania vyoo vya umma katika mji huo. Lions ilizaliwa katika mji huohuo mwaka 1917. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, aliwasihi wanachama wa Lions waliokutana Cedar Point, katika jimbo la Ohio, walifanye tatizo la upofu kuwa lao. Tangu hapo macho yamekuwa moyo wa kazi yao. Afya, basi, haikuongezwa baadaye katika ratiba ya vilabu hivi ili kupendezesha sherehe.

Waswahili husema: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ni usia mzuri kwa mtoaji, kwa kuwa humkinga na majivuno. Ukipelekwa kwenye kitanda cha mgonjwa, hata hivyo, nusu yake ya pili huleta madhara. Maradhi mengi yanayowapanga watu foleni chini ya turubai hayamalizwi kwa siku moja, na mtenda wema anayekwenda zake jioni ileile humwacha mgonjwa katikati ya njia. Kwa sababu hiyo, wema wa klabu katika mambo ya afya haufai kupimwa kwa fedha zilizokusanywa wala kwa idadi ya waliopimwa. Kipimo chake ni idadi ya wagonjwa waliofikishwa mwisho wa safari ya tiba.

Presha, yaani shinikizo la juu la damu, ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mama lishe wa miaka 50 anapita uwanjani, anaona foleni, anakaa, anapimwa. Mashine inaonyesha 172 kwa 104. Kijana aliyempima anamwambia, "Mama, presha yako imepanda, nenda hospitali," kisha anamwita anayefuata. Mama huyo haumwi kichwa wala hasikii kizunguzungu. Kesho yake saa 10 alfajiri anatakiwa kuwa jikoni. Hospitali aliyoambiwa aende haikutajwa jina, siku haikutajwa, na hakuna mtu huko anayemtarajia. Pengine atakwenda duka la dawa, atanunua vidonge vya wiki mbili, na vikiisha atajiona amepona. Miaka michache baadaye anaweza kurudi hospitali akiwa amebebwa, upande mmoja wa mwili umepooza.

Kitaalamu, siku moja haitoshi hata kumthibitisha mgonjwa huyo. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu ikiwa vipimo vya siku mbili tofauti vimefika 140 kwa namba ya juu, au 90 kwa namba ya chini, au kuzidi. Kwa hiyo kambi inayopima mara moja na kufunga hutoa shaka tu, na shaka hiyo huhitaji siku ya pili. Shirika hilo lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na tatizo hili duniani. Kati ya kila 100 miongoni mwao, takriban 46 walikuwa hawajui, 54 walijua, lakini ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa walikuwa 21 tu. Maana yake ni kwamba watu 33 katika kila 100 walikuwa wameshaambiwa, na bado walikuwa hatarini. Upimaji wa uwanjani huwasaidia wale 46. Hawa 33 hawahitaji turubai jingine. Wanahitaji dawa zisizokatika, kliniki iliyo karibu, na mtu wa kuwauliza mbona hawakuja.

Si kila ugonjwa una njia ndefu kiasi hicho. Katika uchunguzi wa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi kwa kutumia siki, mwanamke aliyekutwa na mabadiliko anaweza mara nyingi kutibiwa siku ileile, mradi kifaa cha tiba na mtaalamu wake viwepo. Klabu inayogharimia uchunguzi pamoja na kifaa hicho hukaribia kukamilisha kazi yake kwa siku moja, na huwabakiza wachache wa kupewa rufaa. Klabu inayogharimia uchunguzi pekee huwarudisha wanawake nyumbani na hofu waliyokuwa hawana asubuhi.

Mtoto wa jicho una somo lake. Upasuaji wenyewe ni mfupi, lakini mgonjwa anapaswa kuangaliwa siku inayofuata na tena katika wiki zinazokuja, ili maambukizi au tatizo jingine lisilipokonye jicho nuru lililoipata. Ndiyo maana utaratibu ulio bora ni kuwachunguza watu vijijini, kisha kuwasafirisha hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji, na kuwarudisha kwao. Katika mpango huo, mchango wa klabu wenye thamani kubwa unaweza kuwa basi na nauli ya ndugu wa kumshika mkono mzee. Nauli haivutii kwenye picha kama hundi, lakini bila nauli ujuzi wa daktari hubaki mjini na upofu hubaki kijijini.

Damu nayo ina kalenda isiyobembelezwa. Ikihifadhiwa kwenye jokofu la benki ya damu, chembe zake nyekundu hudumu siku 35 hadi 42, kutegemea aina ya mfuko. Klabu inayofanya uchangiaji mmoja mkubwa kila mwaka, tuseme tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, huyajaza majokofu ya Juni. Damu ya Juni haimfikii mama anayevuja damu baada ya kujifungua mwezi Septemba. Mwanamume mwenye afya njema anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Wanachama na marafiki wa klabu wakigawanywa katika makundi yanayochangia kwa zamu mwaka mzima, bila spika wala mgeni rasmi, wataokoa maisha zaidi kuliko umati wa siku moja.

Mtu akidhani kuwa haya ni kuvitaka vilabu viwe kitu visichoweza kuwa, aitazame polio. Rotary ilianza kuwachanja watoto wa Ufilipino mwaka 1979, na mwaka 1985 ikaifanya kazi hiyo kuwa ya dunia nzima. Mwaka 1988, ilipoungana na Shirika la Afya Duniani na wadau wengine, polio ilikuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tangu hapo idadi hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya shirika hilo ilithibitishwa kuwa haina tena virusi asilia vya polio. Mgonjwa alipogundulika Malawi mwezi Februari 2022, akiwa na virusi vilivyotoka nje ya bara, nchi jirani, Tanzania ikiwamo, zilirudi kuchanja watoto. Ushindi huo haukuletwa na sherehe moja. Uliletwa na matone yaliyorudiwa, makasha ya barafu yaliyobebwa, milango ileile iliyobishwa hodi tena na tena, na wanachama waliochangia jambo moja kwa miongo kadhaa pasipo kulichoka. Kwa polio, vilabu vilitenda wema na havikwenda zao.

Lawama, hata hivyo, haiviangukii vilabu peke yao. Vituo vya kutolea huduma mara nyingi hupokea chochote kinacholetwa, kwa kuona haya kumkatalia mgeni. Mashine hufika bila vitendanishi, bila fundi, bila kitabu cha maelekezo katika lugha inayosomeka, na baada ya muda huwa kabati la kuwekea majalada. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iko wazi: msaada uanze na mahitaji ya anayepokea, na dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapofika. Mganga mfawidhi mwenye orodha fupi ya mahitaji, yenye bei na sababu, humsaidia mfadhili kuliko yule anayeshukuru kwa kila kitu. Kusema kwa adabu, "Hiki tunacho, tunachokosa ni kile," nako ni kumhudumia mgonjwa.

Zipo hoja za upande wa pili, na zina uzito. Wanachama wa vilabu ni watu wa kujitolea. Hawakuajiriwa na Wizara, na wakitwishwa mzigo mkubwa watakata tamaa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Pia ni kweli kwamba bonanza na mbio huwavuta wanaume ambao hawajakanyaga kliniki tangu utotoni, na kwamba shangwe huondoa woga wa hospitali. Hakuna sababu ya kuizima shangwe hiyo. Kinachopendekezwa si kukusanya zaidi, bali kugawa tofauti: walau theluthi moja ya kila kinachochangwa kwa ajili ya upimaji ihifadhiwe kwa ajili ya miezi kumi na miwili inayofuata.

Theluthi hiyo ina kazi nyingi za kufanya. Italipa muda wa maongezi wa kuwapigia simu waliopewa rufaa, posho ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii atakayewafuata wasiopokea simu, nauli za wanaoishi mbali, na dawa za wale ambao bado hawajaingia kwenye bima. Kambi yenyewe ifanyike, inapowezekana, katika eneo la zahanati au kituo cha afya badala ya uwanja wa michezo, ili mgonjwa aijue njia na mlango. Muuguzi wa kliniki itakayowapokea wagonjwa awepo siku hiyo, na aandike tarehe ya kurudi papo hapo. Daftari libaki kituoni. Klabu ipewe hesabu, isipewe majina. Na picha ya mgonjwa isipigwe bila ridhaa yake, kwa kuwa umaskini wa mtu si bango la tangazo. Baada ya miezi mitatu, klabu itangaze namba tatu kwa wachangiaji wake: walioambiwa waende, waliofika, na ambao hali zao zimedhibitiwa.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Kabla ya kuinuka kwenye kiti cha upimaji, aulize mambo manne: namba zake ni ngapi, aende wapi, aende siku gani, na akikwama ampigie nani. Majibu yaandikwe, na karatasi itunzwe pamoja na kadi nyingine za hospitali. Asimeze dawa za jirani mwenye presha, wala asiache zake kwa sababu anajisikia vizuri; kujisikia vizuri ndiyo dalili ya kawaida ya ugonjwa huu. Aliyeambiwa presha yake imepanda sana, kisha akapata maumivu ya kifua, shida ya kupumua, udhaifu wa upande mmoja au kushindwa kuongea vizuri, asisubiri tarehe aliyoandikiwa. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Mwaka ujao vilabu vitakutana tena kupanga mbio, na ajenda zinajulikana: wadhamini, njia ya kupita, rangi ya fulana, jina la mgeni rasmi. Ingefaa ajenda ya kwanza iwe taarifa kutoka kwenye daftari la mwaka uliopita, isomwe na muuguzi aliyelitunza, bila jina la mtu. Aeleze ni wangapi walifika, ni wangapi hawakufika, na ni nini kiliwazuia. Yakishasikilizwa hayo, ndipo fulana zichapishwe.