UCHAMBUZI: Chuma cha Liganga kipimwe kwa asili yake, si kwa tani pekee

Tangu Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) liingie ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011, takwimu inayotajwa zaidi kuhusu Liganga, wilayani Ludewa mkoani Njombe, ni akiba ya tani milioni 126 za chuma. Takwimu hiyo inaeleza wingi. Aina ya mwamba, ambayo huamua teknolojia, gharama na mapato, haitajwi mara nyingi.

Chuma kingi kinachouzwa duniani, kikiwemo cha Hamersley nchini Australia, hutokana na miamba yenye tabaka iliyojengeka baharini yapata miaka bilioni 2.5 iliyopita. Wakati huo oksijeni ilikuwa haba, hivyo chuma kilichotoka kwenye chemchemi za moto za sakafu ya bahari kilibaki kimeyeyuka majini. Oksijeni iliyotolewa na viumbe wadogo ilikigeuza kuwa kama kutu, kikatuama kwa kupishana na tabaka za silika. Baadaye, katika baadhi ya maeneo, maji yaliondoa silika na kuacha mawe yenye chuma zaidi ya asilimia 60.

Tanzania inayo miamba ya jamii hiyo mkoani Geita, tena ya kale zaidi. Hata hivyo, thamani yake kuu ni dhahabu: maji ya moto yenye salfa yalipopenya, salfa ilishikana na chuma na dhahabu ikabaki ndani ya mwamba.

Chuma cha Liganga hakikutuama baharini. Kilitokana na miamba iliyoyeyuka na kupoa chini ya ardhi, na kimefungamana na titani na vanadi. Katika tanuru la kawaida, titani hufanya taka za uyeyushaji kuwa nzito na kutotiririka vizuri. Ndiyo maana huhitajika utaalamu maalumu, kama uliotumika Panzhihua nchini China.

Ugumu huo una faida yake. Vanadi huimarisha chuma cha ujenzi, na titani hutengenezewa rangi nyeupe. Kwa hiyo, wananchi wanapopokea taarifa za mradi huu, wana haki ya kuuliza iwapo madini yote matatu yamehesabiwa. Mkataba unaopima chuma pekee huacha sehemu ya mali ya Taifa nje ya mizani.