Kwa ndugu zangu wa Mshangano, Songea: ng'oeni vitofali, rudisheni bustani

Leipzig, Ujerumani

 

Picha nimeipata. Kaka aliirusha kwenye kundi la familia Jumapili jioni, na kabla sijaitazama vizuri pongezi zilishajaa: hongereni, pamependeza, sasa mmekuwa watu wa mjini. Uani kwa mama pametandazwa vitofali vya pevingi, vyekundu na vya kijivu, tangu getini mpaka ukuta wa nyuma. Nikaikuza picha kuutafuta mpapai. Haupo. Mpera haupo. Lile tuta la mchicha lililokuwa ubavuni mwa jiko, ambalo mama alilimwagia maji ya kusuuzia vyombo kila jioni, limefukiwa. Mahali pake kuna chungu cha saruji na ua lisilonukia wala kuliwa.

Sikuandika neno kwenye kundi. Nilizima simu nikakaa gizani. Na sababu naitaja mapema, kabla hamjaanza kusema dada wa Ulaya ameanza amri zake: fedha za vitofali vile zilitoka kwangu. Kaka aliniambia anataka kutengeneza uani ili mama asikanyage tope, nikatuma. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, na siku ile niliona kutuma ni kwepesi kuliko kuuliza. Kwa hiyo lawama zilizomo humu na mimi zinanihusu.

Juzi nikampigia mama. Umekula nini? Ugali na dagaa. Na mboga je? Akanyamaza kidogo, akasema kijana wa bodaboda leo hakufika sokoni Mfaranyaki. Ndugu zangu! Mama yetu aliyekuwa akigawa mboga ya likolo nyumba sita, ambaye jirani akiishiwa alimtuma mtoto na bakuli bila kujieleza, leo anamsubiri mwenye pikipiki amletee fungu la matembele kutoka sokoni. Na matembele ni mmea gani? Ni ule unaochomeka kijiti ardhini, ukageuka kwenda zako, ukirudi umeshatambaa.

Mmesahau mwaka wa kwetu ulivyokuwa ukiliwa? Mvua za kwanza, Novemba ikielekea kwisha, kumbikumbi wanatoka ardhini, na usiku ule ule wako kwenye kikaango, wanaiva kwa mafuta yao wenyewe. Masuku yanashuka na akina mama kutoka porini, beseni kichwani, na sisi tunayafyonza mpaka midomo inanata. Maembe hayahesabiwi. Kisha uyoga chini ya miyombo, asubuhi na mapema, bibi mbele na fimbo yake akituonyesha huu unaliwa, huu unaua, huu unaliwa lakini chemsha mara mbili umwage maji. Januari ghala limeingia mwanga, debe la mahindi linatazamwa kwa jicho la huzuni. Hapo ndipo majani ya maboga yalipotulea, yakavuliwa nyuzi moja moja, yakatiwa karanga zilizotwangwa, na maua yake ya njano juu. Nani kati yenu alilala njaa Januari wakati boga limetambaa uani?

Machi na Aprili mahindi mabichi, ya kuchoma, ya kuchemsha, ya kusaga tukafunga kwenye maganda yake. Maboga yenyewe yanaingia chunguni. Mei viazi vitamu na karanga mbichi. Juni baridi ya Songea inashuka kutoka Matogoro, watoto wote wamejikunyata jikoni, na magunia yanaingia nyumbani. Agosti nchi imekauka lakini juu ya dari kuna majani ya kunde yaliyochemshwa yakaanikwa, na bondeni kuna matuta ya kiangazi, vinyungu kama wasemavyo jirani zetu wa Njombe. Kila mwezi ulikuwa na chakula chake. Siku hizi nasikia mwezi wowote ni sembe nyeupe, dagaa na maharage, na siku ya sikukuu ni chipsi.

Sasa nieleze kilichonichoma huku. Mwaka wangu wa nne hapa Leipzig nilipata kibustani. Wajerumani wana utaratibu wao: watu wanaoishi ghorofani hukodi kipande cha ardhi pembeni mwa mji kupitia chama cha wakulima wa bustani. Vipo karibu vibustani milioni moja nchi nzima. Utamaduni huo umepata jina lake la mitaani hapa hapa Leipzig, kutokana na chama kilichoanzishwa 1864 kwa ajili ya uwanja wa kuchezea watoto. Mwalimu mmoja mstaafu akaongeza vitalu watoto walime, watoto wakachoka, wazazi wakavichukua, na mpaka leo hawajaviachia.

Nilipopata changu nikafanya kama mnavyofanya nyinyi. Nikapanda nyasi. Nikaweka viti, na maua kando. Nilitaka mahali pa kupumzika, nimechoka kuitwa mtu wa shamba. Msimu haujaisha, chama kikaniletea barua. Theluthi moja ya eneo lazima iwe ya chakula, mboga na matunda, la sivyo nirudishe ufunguo. Nikadhani wananionea kwa sababu ya rangi yangu. Nikauliza kwa watu, nikasoma, nikakuta kweli: kuna sheria ya 1983, kibustani kisizidi mita za mraba 400, na mwaka 2004 mahakama ya juu ya shirikisho ikashikilia kwamba theluthi moja ndiyo kipimo cha kilimo. Hii ni nchi tajiri, ndugu zangu. Maduka yao yamejaa nyanya hata theluji ikianguka. Na bado wanakwambia: ukiacha kupanda chakula, ardhi si yako.

Nilishika ile barua nikalia. Binti wa Mshangano, niliyezaliwa wakati wa kupalilia, nakumbushwa na Mjerumani kupanda mboga!

Na ni Mjerumani gani? Wazee wangu mnajua zaidi yangu. Watu hawa ndio waliotushinda Vita vya Majimaji kwa kuchoma mashamba na maghala. Bunduki zilianza kazi, njaa ikaimaliza. Walimnyonga Nduna Songea Mbano na wenzake mwaka 1906, na kila tarehe 27 Februari tunakusanyika pale makumbusho kuwakumbuka. Lakini waliokufa kwa kukosa chakula ni wengi kuliko walionyongwa na waliopigwa risasi wakiwekwa pamoja. Wanahistoria wanataja hata laki tatu kwa eneo zima la vita. Novemba 2023 Rais wao, Steinmeier, alifika Songea, akasimama mbele ya wajukuu wa mashujaa, akaomba radhi. Niliangalia nikiwa kazini, kwenye chumba cha mapumziko, peke yangu. Nilichowaza siku ile sikumwambia mtu: hawa walijua chakula cha uani kina nguvu gani, ndiyo maana walikichoma. Sisi leo tunakifukia wenyewe, tena kwa fedha zinazotoka kwao.

Msiniambie kwamba Ruvuma ina chakula. Najua ina chakula. Najua malori yanavyopanga foleni kuuza mahindi kwa wakala wa hifadhi ya chakula, najua tunasifiwa kuwa ghala la taifa tangu ile barabara ya Makambako ilipotufungulia njia. Lakini utafiti wa afya wa 2022 ulikuta kwamba nchini watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwetu Ruvuma ni zaidi ya 35. Iringa zaidi ya nusu, Njombe nusu, Rukwa karibu nusu. Yaani mikoa inayolisha wengine ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao. Mtoto anashiba ugali, tena wa sembe iliyokobolewa mpaka kiini kikaenda kwa kuku, na sahani yake haina jani wala tunda. Mnamwona ametulia mnasema ameshiba. Hiyo si shibe.

Basi ombi langu ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Robo ya kila kiwanja iwe bustani ya chakula. Robo tu, si theluthi kama huku. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, robo yake ni mita za mraba 150. Hapo unapata matuta manane ya mboga, mpapai, mparachichi, migomba miwili nyuma ya bafu ikinywa maji yake, na boga la kupanda juu ya uzio. Isiwe hiari. Hiari tumeishaijaribu, imetuletea pevingi. Baraza la madiwani la Manispaa lina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu ile Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982. Mchoro wa nyumba usioonyesha bustani usipewe kibali cha ujenzi. Mwenyekiti wa mtaa na afisa kilimo wa kata wapite mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa mvua na katikati ya kiangazi, waangalie. Asiye na bustani apewe msimu mmoja, kisha faini, na faini hiyo inunue miche kwa ajili ya shule ya msingi.

Mtasema ni ubabe. Wazee, si mnakumbuka sheria za kila kaya kuwa na shamba la muhogo? Si mnakumbuka Kilimo cha Kufa na Kupona, 1974, hata wafanyakazi wa ofisini wakashika jembe? Mambo yale yalikuwa na makosa yake, na kwetu Songea tunajua zaidi ya wengine jinsi serikali inavyoweza kuua jambo jema la wananchi. Waulizeni waliokuwapo Litowa, chama chao cha maendeleo kilipopigwa marufuku 1969. Lakini mimi siombi kijiji kihamishwe. Naomba mtu asizibe ardhi yote kwa saruji.

Mtasema hakuna maji. Songea inapata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka. Bati la mita za mraba 100 linapokea karibu lita laki moja, nanyi mnaziacha zikimbie juu ya vitofali mpaka barabarani, kisha mnalalamika mtaro umebomoka. Wekeni mfereji wa bati na tangi. Mtasema udongo wa uani ni mwekundu, mgumu, hauoteshi kitu. Wamatengo wa Mbinga wanalima milima mikali tangu enzi za mababu kwa ngoro: wanalaza nyasi, wanazifukia kwa udongo, wanapanda juu, na katikati wanaacha shimo la kushika maji. Hawakuletewa na mradi. Nanyi mnachoma majani makavu kila Jumamosi, moshi mtaa mzima! Mtasema mbuzi wa jirani. Hilo la mbuzi ni kweli, mwambieni jirani afunge mbuzi wake.

Na kuna jibu moja ambalo halisemwi kwa sauti ila nalijua, kwa sababu lilikuwa langu: bustani ni ya maskini. Pevingi inaonyesha kwamba nyumba hii ina mtu Ulaya. Uani wenye mchicha unaonyesha nini? Nisameheni, lakini uani wa mama ulipokuwa na mchicha hakuna mtoto wa nyumba ile aliyekwenda kliniki kwa kukosa damu.

Kazi yangu huku ni kuwahudumia wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza. Yuko bibi mmoja ambaye majina ya wanawe yamempotea, lakini ukimtajia viazi anakueleza baridi ya mwaka 1947, jinsi mama yake alivyopanda viazi kila penye udongo, mpaka ukingoni mwa njia. Ananishika mkono akisimulia. Nami namlisha kijiko kwa kijiko mama wa watu wengine, huku mama yangu akimsubiri bodaboda. Ningekuwapo, tuta lile lisingefukiwa. Hilo nalijua, msilinikumbushe.

Kaka yangu, sikukasirikii. Ulitaka mama asiteleze, na kweli njia ya kwenda chooni iache ilivyo. Lakini upande wote wa jiko, kuanzia ngazi mpaka ukutani, vitofali vile ving'oe. Fedha za mwezi huu ni za kazi hiyo na ya tangi, si za kitu kingine. Vipange vizuri nyuma ya nyumba, uviuze ukitaka. Ardhi itakuwa imeshindiliwa, ipige jembe la kina, mwagieni samadi kabla ya mvua. Miche ya mapapai mwombeni afisa kilimo, nasikia anayo. Shangazi ana vijiti vya matembele.

Mbegu ya boga ndiyo inayoninyima usingizi. Mama alikuwa akiichanganya na majivu na kuitia kwenye kibuyu kidogo, anakining'iniza juu ya moshi kwenye jiko la zamani, mkono wa kulia ukiingia. Mbegu ile alipewa na bibi. Kwenye picha jiko la zamani silioni. Kabla hamjanijibu lolote kuhusu sheria na madiwani, niambieni hili kwanza: jiko lilipobomolewa, kibuyu kilitolewa?