Majoreti: nani wa kumdaka mtoto?

Tarehe 30 Juni inakaribia, na kila jioni tunasikia ngoma za fanfari. Mabinti zetu wa majoreti wanajitayarisha kwa defile. Tunafurahi nao. Lakini juma hili tuna neno, na linatugusa sisi walimu kwanza.

Mwaka jana, kwenye masomo tunamofundisha, wasichana walijenga mnara wa watu: wanne chini, wawili mabegani mwao, mmoja kileleni. Chini palikuwa simenti. Sisi tulisimama pembeni tukipiga makofi. Yule wa juu alikuwa na miaka 11. Walimchagua kwa sababu ni mwepesi. Mmoja wa chini aliteleza, na mtoto akaangukia mkono. Watu walimwinua mbio, mwingine akaanza kumkanda, kumbe mfupa umevunjika. Mama yake aliacha meza yake sokoni, akaja akikimbia, akatuuliza swali moja tu: "Walimu, nani alikuwa wa kumdaka?" Hatukuwa na jibu.

Huko Marekani, mchezo wa kushangilia timu ulianza mwaka 1898 kwenye chuo kikuu cha Minnesota (na walioanza ni wanaume, mama!). Wameumia miaka mingi, ndipo wakaweka kanuni. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha kule kilishauri kwamba mnara usipite watu wawili kwenda juu, tena usijengwe mahali pagumu, penye maji au penye mashimo. Ujengwe kwenye majani, au kwenye sakafu laini ya mazoezi. Anayegonga kichwa anatolewa palepale, na harudi mpaka daktari aandike kwamba anaweza.

Sakafu ile hatuna, lakini majani hayaombi franga hata moja. Yako nyuma ya kalasi. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kusimama karibu, mikono tayari, macho kwa mtoto wala si kwa simu.

Nyumbani, mama, toa herini na mikufu kabla binti hajatoka, na nywele zifungwe. Akisema anaogopa kupanda, msimcheke. Amwambie mwalimu, na mwalimu akubali. Akianguka na kulalamika shingo, msimwinue, mwacheni alale hivyo mpaka muganga afike. Akitapika au akilemewa na usingizi baada ya kugonga kichwa, msingoje asubuhi. Na mkono uliovimba haukandwi, hata kama bibi anajua sana kukanda. Ufungeni kwa kitenge usichezecheze, mwende hospitali.

Mwaka huu mnara wetu ni wa watu wawili tu. Wengine wanasema hauna uzuri wa ule wa kwanza, na kweli hauna. Mama yule wa sokoni alikubali binti yake arudi, lakini kila Jumatano anafunga meza mapema, anakuja mwenyewe, na anasimama nyuma ya watoto, mikono wazi.