Kuaminiana Hujengwa kwa Kazi

Maneno amana, imani, amini na amani yana asili moja, nayo ni shina moja la Kiarabu. Amana ni kitu unachomwachia mwenzako akutunzie. Kwa hiyo kumwamini mtu ni kuweka mikononi mwake kitu ambacho kikipotea utaumia. Nchini Burundi, kitu hicho kiliwahi kuwa uhai wenyewe.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, vita vikiwa vimepamba moto, watu wenye silaha walivamia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande wao na Watutsi upande wao. Vijana wakakataa. Wanafunzi 40 waliuawa, Wahutu kwa Watutsi.

Wengi husema kwamba imani ya Kikristo ndiyo iliyowapa ujasiri. Nakubali, ila jibu hilo halitoshi. Burundi ni nchi ya Wakristo wengi, na wengi wa waliouana miaka ile walikuwa wamebatizwa. Laiti kusali pamoja Jumapili kungalitosha, vita visingalianza mwaka 1993. Buta palikuwa na jambo la ziada. Chini ya gombera wao, padri Zacharie Bukuru, vijana hao waliishi pamoja, wakacheza pamoja, na wakajadiliana waziwazi kuhusu chuki ya kikabila iliyoitikisa nchi. Imani iliwapa sababu ya kuaminiana. Maisha ya kila siku yakawapa mazoezi.

Huenda mtu akauliza: kuaminiana huko kuliwafaa nini, ikiwa waliuawa? Swali hili ni zito, wala halistahili jibu jepesi. Hakukuwakinga na risasi. Hata hivyo, wauaji walidai kwanza kwamba rafiki amtoe rafiki, na dai hilo hawakulipata.

Sisi wa Makebuko hatuhitaji kungoja siku kama ile ili tujifunze. Mashambani tunayo desturi ya ikibiri, ambapo majirani hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Anayelimiwa kwanza ameaminiwa kwamba kesho hatajificha. Wapiga ngoma wa Gishora nao hutufundisha: ngoma ya inkiranya huongoza, nyingine huitikia mapigo yake, na asiyemsikiliza mwenzake huharibu mchezo wote.

Basi maoni yangu ni haya. Tusingoje tuaminiane ndipo tufanye kazi pamoja. Tufanye kazi pamoja ndipo tutaaminiana. Mnapopewa kazi ya kikundi darasani, msichague marafiki peke yao. Mkaribisheni yule msiyemzoea, mpeni sehemu ambayo bila yeye kazi haikamiliki, na msiifanye kwa siri kwa kuhofia kwamba atashindwa. Akichelewa, mwambieni usoni, si kisogoni. Mkikosea ninyi, ombeni radhi kwanza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa Mkristo, kumpenda jirani ni amri. Lakini jirani huyo hujulikana mnaposhika jembe pamoja, mnapogawana daftari, na mnapotimiza ahadi ndogo ambazo hakuna anayezipigia makofi. Vijana wa Buta hawakuanza kuaminiana alfajiri ile. Walikuwa wameanza zamani, katika mambo madogo.