BUSTANI YA NYUMBANI: Dalia haiogopi mvua, inaogopa maji yaliyosimama

Ukurasa huu ni wenu ninyi mlio hapa Goma, na ninyi mlio ku migodi, Rubaya, Numbi, Kamituga, mpaka Kolwezi na Likasi. Mara nyingi ukurasa huu unaongea juu ya chakula. Mwezi huu tuache sufuria kidogo, tuongee juu ya maua.

Ninajua mtasema: "Mama, parsele ni ndogo, pahali pa lengalenga hapatoshi, wewe unatuletea maua?" Ni kweli. Hapa Majengo parsele nyingi ni ndogo, na ukichimba kidogo tu jembe linagonga jiwe la volkano. Mtoto wa jirani alisimama siku moja mbele ya dalia yangu, akaniuliza: "Mama, hii maua inakuliwaka?" Nilicheka, lakini swali lake si la kijinga. Wenyeji wa kale wa Meksiko, kule dalia ilikotoka, walikula viazi vyake. Mimi sikushauri kuvipika. Ninakushauri kuvitunza, na sababu yake ni hii.

Ua ambalo mbegu hairudishi

Dalia yangu nyekundu ilitoka kwa mama mkwe. Alipokufa, tulichimba viazi 6 kwenye parsele yake. Kimoja nilimpa mama jirani aliyetusaidia kubeba vitu, na 5 nikavipanda kwangu. Ilikuwa mwezi wa 9, mvua zimekwisha kuanza. Nilitafuta shimo kati ya mawe, nikalijaza udongo mzuri na samadi, nikaweka viazi, nikamwagia maji juu. Nilidhani nimevipa kitanda kizuri. Kumbe nimevipa sahani! Jiwe la chini lilikuwa zima, halina ufa hata mmoja. Maji ya mvua yaliingia, hayakutoka. Baada ya majuma 4 sikuona kitu. Nilipofukua, nilikuta uji unaonuka. Vyote 5.

Yangekuwa maharagi, ningenunua mengine soko Virunga. Dalia haiko hivyo. Ukipanda mbegu ya dalia, unaweza kupata ua la rangi nyingine na umbo lingine, maana mtoto wa mbegu hafanani na mama yake. Ukitaka ua lile lile, lazima kiazi chake, ao tawi changa lililokatwa juu ya mmea wenyewe. Basi, ua la mama mkwe lilikuwa limekwisha mikononi mwangu. Siku tatu nzima sikumwambia bwana yangu.

Siku ya nne mama jirani alipata habari. Aliniita kwake, akanionyesha dalia iliyofika magoti, imeota juu ya rundo la mawe na udongo kando ya ukuta. Akasema: "Mama, ya kwako iko hapa. Si ulinipatiaka?" Yeye hakuwa na pahali pazuri, alipanda juu ya rundo tu. Na rundo ndilo liliponyesha ile dalia.

Mtoto wa mvua na wa volkano

Watu wengi wanasema dalia inashindwa na mvua zetu. Si kweli. Kwao ni kwenye milima ya Meksiko, nchi ya volkano kama hii yetu. Kule inaota mvua zikianza, inatoa maua wakati wa mvua, halafu inalala wakati wa kiangazi. Mwaka 1791, ku Madrid, mtaalamu Cavanilles aliipa jina hili kwa kumkumbuka Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Mwaka 1963 Meksiko iliichagua kuwa ua la taifa. Mvua inayopita inaijua tangu zamani. Haiwezi maji yanayokaa chini yake. Kiazi chake kimejaa akiba ya chakula na maji, na kikilala ndani ya tope hakipati hewa, kinaoza. Shikeni neno hili, mengine yote yanatoka hapo.

Namna ya kufanya

1. Jaribu maji kwanza. Chimba shimo la sentimita 30, mwaga ndani nusu ya bidoni, rudi nyuma ya saa moja. Kama maji yangali yamesimama, usipande hapo. Jenga tuta la juu, sentimita 30 ao 40, ukilizungushia mawe ya volkano. Mawe hayakosi hapa kwetu! Usiyafunge kwa simenti, kusudi maji yatoke pembeni. Ndani weka ndoo 3 za udongo mweusi, ndoo 1 ya mchanga wa volkano na ndoo 1 ya samadi iliyooza vizuri, ya sungura ao ya dende. Samadi mbichi usiweke. Sisi udongo tulinunua, ukaletwa kwa chukudu, na mifuko 4 ilitosha. Tena, usipande chini ya ukingo wa manjanja. Maji yanayoanguka kutoka juu ya nyumba yanatoboa udongo na kuvunja mimea michanga.

2. Angalia shingo. Kiazi cha dalia si kama kirayi. Kirayi kina macho mwili mzima. Dalia ina jicho shingoni tu, pale kiazi kinaposhikana na shina la zamani. Kiazi kinene kilichovunjika shingo hakitaota hata ungoje mwaka. Ukigawanya, tumia kisu safi, na kila kipande kibaki na shingo yake. Pakaa majivu makavu pale ulipokata, acha kikauke siku 2 mbele ya kupanda.

3. Anzisha chini ya baraza. Mvua ikiwa kali, usipeleke kiazi kilicholala moja kwa moja inje. Kiweke ndani ya sufuria ya zamani iliyotobolewa chini, na udongo wenye unyevu kidogo tu, majuma 2 ao 3, mpaka chipukizi lipate urefu wa kidole. Halafu panda, kina cha sentimita 10 mpaka 15, na sentimita 60 kati ya mmea na mmea. Piga fimbo ya kuegemeza siku ile ile. Ukiipiga baadaye utatoboa viazi bila kuviona. Ukiwa umepanda kiazi kisicho na chipukizi, usimwagie maji hata kidogo mpaka uone kijani.

4. Pitisha upepo. Mmea ukiwa na majani jozi 4, kata ncha ya juu, utatoa matawi mengi. Ukisimama vizuri, ondoa majani ya chini mpaka sentimita 20 ao 30 kutoka udongo, kusudi tope lisiyarukie na hewa ipite. Ukiona unga mweupe juu ya majani, yakate, yapeleke mbali. Siku ambazo volkano inatupa majivu, yasafishe kwa maji kidogo asubuhi.

5. Winda konokono usiku. Wanapenda chipukizi changa kuliko kitu chote, na usiku mmoja unatosha kumaliza mmea. Wengi wanazungusha majivu. Lakini majivu yakilowa, hayana nguvu tena. Lalisha kipande cha shina la mgomba kando ya tuta. Asubuhi kigeuze, utawakuta wamejificha chini. Kazi hii wapeni watoto, wanaipenda sana.

6. Saidia ua lenyewe. Ua kubwa likijaa maji linakuwa zito, shina linavunjika. Funga mmea ku fimbo pahali pawili kwa kitambaa cha kikwembe cha zamani, mfano wa namba 8, usikaze. Mvua ikikatika, tikisa maua polepole. Yaliyonyauka yaondoe, maana ndiyo yanayoanza kuoza na kuambukiza mengine. Ukitaka ya kupamba kanisa siku ya Yenga, kata asubuhi mapema, na kata yaliyokwisha kufunguka. Kifundo cha dalia kikikatwa kimefungika, hakifunguki tena ndani ya chupa.

Ukianzisha viazi mwisho wa mwezi wa 8, unaweza kuwa na maua kati ya mwezi wa 11 na Noeli. Ninyi wa Kolwezi na Likasi, mvua zenu zinakawia mpaka mwezi wa 10 ao wa 11, basi ngojeni wakati huo. Na kama udongo wenu ni mwekundu wa kunata, tuta la juu ni la lazima kwenu kuliko hata kwetu.

Vitabu vya Ulaya vinasema: chimba viazi vyote mbele ya baridi. Kule barafu inaviua. Hapa hakuna barafu, adui wetu ni mwingine. Shina la dalia lina tundu kama bomba. Ukilikata na kuliacha wazi, mvua inaingia ndani, inashuka mpaka shingoni, inaozesha jicho. Kwa hiyo majani yakikauka mwezi wa 6, kata shina, lifunike kwa kopo ao kipande cha plastiki. Walio na tuta zuri wanaweza kuacha viazi udongoni. Wengine wachimbe, wavikaushe kivulini, wavitie ndani ya sanduku lenye mchanga mkavu, na kuviangalia kila mwezi. Kimoja kikianza kuoza, kiondoe siku ile ile.

Mwaka 2021

Tarehe 22 Mei 2021, usiku, Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 serikali iliamuru watu wa sehemu kubwa ya mji waondoke, na Majengo ilikuwa ndani. Tulitoka kwa miguu kuelekea Sake, na godoro, sufuria na watoto. Nani angefikiri maua?

Tuliporudi mwezi wa 6, matetemeko yalikuwa yamebomoa upande mmoja wa tuta langu. Fimbo zimelala, majani yamekauka. Nilifukua kwa mikono nikiwa na wasiwasi. Viazi vilikuwa vizima, vigumu, shingo zote ziko. Nilivigawanya, nikapata 11.

Dada mmoja tunayesali naye alikuwa na nyumba Buhene. Lava iliimeza na bustani yake yote, na ndani yake mlikuwa dalia nyekundu niliyompa mwaka mmoja mbele. Alipopata pahali pengine pa kukaa, tulimpelekea vitu vya nyumbani kama wengine walivyofanya, na juu yake viazi 2 ndani ya mfuko wa karatasi. Alivishika, akanyamaza. Halafu akauliza: "Ni ile ile?" Nikamjibu: "Ni ile ile."

Wapenzi wasomaji, ninyi wa ku migodi mnahamahama sana kufuata kazi, na mji wetu nao umekwisha kuhamishwa zaidi ya mara moja. Usitunze kitu cha namna hii parsele moja tu. Mwaka huu ukigawanya viazi vyako, hesabu viwili vya kwako, vingine peleka kwa jirani, kwa shangazi, kwa mwalimu wa shule. Mwambie pia juu ya tuta na juu ya shingo, maana kiazi bila maelezo kitaoza kama vile vyangu 5. Vyako vikipotea siku moja, utajua mlango wa kwenda kupiga hodi.

Mwezi ujao tutarudia chakula: namna ya kupanda sombe pahali penye udongo kidogo juu ya mawe. Mkae vema.