Kabla hatujamkabidhi mtu mgonjwa wetu



Wiki hii tumekusudia kulizungumza jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi husemwa kwa kunong'ona, tena nje ya chumba cha mgonjwa. Ni habari ya mgonjwa ambaye madaktari wamekwisha sema kuwa hakuna tena tiba ya kumponya, naye karudishwa nyumbani. Nani amuuguze? Na akijitokeza mtu, kikundi au hospitali kusema "sisi tunatoa huduma hiyo", tumpime kwa kipimo gani?

Tunaliuliza hili tukiwa na mfano karibu. Mzee mmoja wa jamaa zetu, mkazi wa jijini Mbeya, alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa na saratani iliyokwisha enea mifupani. Siku chache baadaye walifika watu wa kikundi kimoja cha huduma za majumbani, ambacho hatutakitaja. Walikuja na gari zuri lenye maandishi ubavuni. Waliandika jina la mgonjwa katika daftari kubwa, wakatoa sabuni, sukari na vidonge vya Panadol, wakapiga picha, wakaondoka. Familia ilishukuru sana, na sisi pia tulishukuru. Lakini usiku ule mzee alilia mpaka adhana ya Alfajiri, na usiku uliofuata vilevile. Wageni wetu walipofika mara ya pili waliuliza kama sabuni imekwisha. Hakuna aliyemuuliza mzee kama amelala.

Kwa kweli kosa halikuwa lao peke yao. Sisi tuliokuwa pale, watu wazima na wenye kusoma, hatukujua la kuwadai. Tulidhani kuwa maumivu ya saratani ni mtihani usio na dawa, na kwamba kinachobaki ni subira na dua. Subira na dua ni wajibu wetu, lakini dawa ilikuwapo, tena ya bei nafuu, nasi hatukuiulizia.

Huduma tunayoizungumzia huitwa katika hospitali zetu tiba shufaa. Baadhi ya wazee wetu hushtuka wakisikia neno hilo, kwani shufaa waliyoizoea ni ile ya Siku ya Kiyama. Makusudio ya matabibu ni kumpunguzia mgonjwa mateso ya mwili, moyo, roho na ya maisha yake na watu wake, wakati ugonjwa wenyewe hauondoki. Dk. Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya wagonjwa wa namna hii jijini London mwaka 1967, ndiye aliyewafundisha madaktari wenzake kuwa maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili peke yake. Katika Afrika Mashariki, Nairobi ilianza mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993 kwa juhudi za Dk. Anne Merriman. Hapa kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Selian kule Arusha na Muheza mkoani Tanga ni miongoni mwa waliotangulia, na Kanisa la Kilutheri lilieneza huduma hii katika hospitali zake kadhaa vijijini.

Nyanda za Juu Kusini ziliijua huduma ya majumbani kwa njia ya msiba. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003/04 ulionyesha kuwa Mbeya na Iringa ziliongoza kwa maambukizi ya Ukimwi nchini, kila mkoa ukiwa na zaidi ya watu 13 katika kila watu wazima 100. Hospitali zilijaa, na dawa za kurefusha maisha za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004 tu. Vikundi vya kujitolea ndivyo vilivyobeba mzigo, na kimoja kati ya vile vinavyojulikana zaidi, KIHUMBE cha Mbeya, jina lake lenyewe linatokana na huduma hiyo ya majumbani. Watu wale walisafisha vidonda ambavyo ndugu wa damu walivikimbia. Tusiwavunjie heshima kwa haya tutakayoyasema.

Ila zama zile zilituachia mazoea mabaya ya kuhesabu. Mfadhili akiuliza, kikundi hujibu kwa idadi: wagonjwa kadhaa wametembelewa, mablanketi kadhaa yametolewa, semina kadhaa zimefanyika. Hesabu hiyo haimwambii mtu kama mgonjwa alipata nafuu. Nasi raia tukaiga, tukawa tunakipima kikundi kwa gari lake na kwa mgao wake.

Wataalamu wa Afrika wamekwisha tengeneza kipimo kilicho bora zaidi, nacho ni chepesi kiasi cha kuweza kutumiwa juu ya mkeka. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala, kina maswali kumi tu. Saba huulizwa mgonjwa na matatu huulizwa anayemuuguza, na kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 5, kuhusu siku tatu zilizopita. Mgonjwa huulizwa juu ya maumivu yake, juu ya dalili nyingine kama kichefuchefu au kubanwa pumzi, juu ya hofu aliyo nayo, kama amepata wa kumweleza yaliyo moyoni, kama anaona maisha yake yana thamani, kama ana utulivu wa nafsi, na kama amesaidiwa kupanga mambo ya familia yake ya baadaye. Muuguzaji huulizwa kama ameelezwa vya kutosha, kama anajiamini katika kumhudumia mgonjwa wake, na kama ana wasiwasi. Mtu ambaye hawezi kusoma huonyesha kiasi kwa vidole vya mkono wake, ngumi ikiwa ni sifuri.

Tungependa msomaji alitazame lile swali la maumivu kwa makini. Mtoa huduma akifika Jumatatu akakuta mgonjwa ananyanyua vidole vitano, na Alhamisi akakuta bado ni vitano, basi huyo hajafanya kazi, hata kama ana vyeti ukuta mzima. Hajafanya kazi kwa sababu njia inajulikana. Shirika la Afya Duniani liliieleza mwaka 1986: huanzwa na dawa nyepesi, na zikishindwa hupandishwa hatua kwa hatua mpaka mofini. Mofini ya maji hunywewa, haihitaji sindano, na hutolewa kila baada ya saa nne kwa saa, si kungoja mgonjwa apige kelele. Hukausha choo, kwa hiyo anayeitoa bila dawa ya kulainisha choo hakufundishwa vizuri, na hapo tayari familia imepata alama ya kumpimia. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa husinzia, kisha kwa kawaida akili hurejea wazi.

Hapa ndipo tunapokutana na wasiwasi wa waumini, nao ni wasiwasi wa haki. Wapo wanaoogopa kuwa mofini ni kilevi, na wapo wanaoogopa kuwa ni njia ya kumharakisha mtu kaburini. La kwanza, wanazuoni wengi wameruhusu dawa ya namna hii pale dharura inapothibiti kwa kauli ya tabibu mwaminifu, kwa kiasi kinachohitajika. La pili, tiba shufaa haiharakishi mauti wala haiyacheleweshi, na mtoa huduma yeyote atakayeashiria vinginevyo aonyeshwe mlango. Lakini familia ina haki ya kumwambia muuguzi: mzee wetu anapenda awe macho wakati wa swala, tupangie dozi tukilijua hilo. Jibu atakalolitoa muuguzi litatufundisha mengi juu yake. Aliye mzuri atakaa chini na kupanga saa pamoja nanyi, naye asiyejali atasema mgonjwa hana haja ya kuamka.

Yule mzee wetu alimpata muuguzi wa namna ya kwanza. Alikuja kwa bodaboda, hana picha wala sabuni, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Baba, jana usiku ulilala saa ngapi?" Alikuwa Mkristo, mtumishi wa hospitali ya misheni. Siku ya tatu mzee aliomba uji, na jioni yake akaomba kitanda kigeuzwe aelekee kibla. Yule dada ndiye aliyekishika kitanda upande wa miguu.

Tunalitaja hili kwa sababu katika mikoa yetu hii hospitali nyingi ni za serikali au za makanisa, na baadhi ya ndugu zetu wamewaacha wagonjwa wao wateseke kuliko kuwapeleka huko au kuwakaribisha nyumbani. Rai yetu ni kwamba dini ya mtoa huduma isiwe kipimo cha kwanza. Kipimo ni jinsi anavyoitendea dini ya mgonjwa. Je, atangoja mgonjwa amalize swala yake ya kuashiria kwa kichwa? Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ugonjwa unaowaua wanawake wetu wengi, ataletewa muuguzi wa kike na kusitiriwa? Harufu ya kidonda chake itatibiwa, kwa maana inatibika, hata kwa dawa ya Flagyl iliyosagwa na kunyunyizwa, ama ataachwa ajifungie chumbani kwa aibu mpaka afe? Ramadhani ikiingia naye akashikilia kufunga, mtoa huduma atamkemea, au atatuita sisi na imamu tumkumbushe ruhusa aliyopewa na Mola wake na fidia iliyowekwa? Na mtu wa kumtia mgonjwa maneno ya dini nyingine katika saa yake ya udhaifu, huyo hafai, awe anatibu vizuri kiasi gani. Uongozi wake uambiwe hivyo kwa adabu na bila kuficha.

Jambo jingine ni usiku. Mchana kila mtu ni mwema. Muulizeni mtoa huduma: saa nane za usiku, mvua ya Rungwe inanyesha au baridi ya Juni imekamata Mufindi, mgonjwa akianza kubanwa pumzi tumpigie nani? Akitoa namba, ipigeni usiku huohuo mkaone kama inapokelewa. Ulizeni pia kama ametuachia nyumbani dawa ya dharura pamoja na maelezo tunayoyaelewa. Mtu wa Kilolo au wa milima ya Ileje hawezi kungoja gari la asubuhi. Kutoka Mbeya hadi Ocean Road ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Iringa ni karibu 500, kwa hiyo ushauri wa "mrudisheni Dar es Salaam" kwa mtu ambaye mifupa yake inavunjika kwa kugeuzwa tu si ushauri.

Haki pia inatutaka tusimpime kila mtu kwa kimo kimoja. Viwango vya chama kile cha Kampala vinatofautisha ngazi tatu za huduma. Zahanati ya kijiji haidaiwi kinachodaiwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Inadaiwa imtambue mgonjwa mapema, imfundishe muuguzaji namna ya kumgeuza ili asipate vidonda vya kulalia, na ijue pa kumpeleka dawa zikishindwa. Tena wapo watoa huduma wazuri waliofungwa mikono. Mofini hulindwa na sheria kali, na muuguzi anayeijua mkoani huweza kukosa mtu wa kumwandikia. Uganda iliona kikwazo hicho, na mwaka 2004 ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa maalumu waiandike wenyewe. Wizara yetu ya Afya na Waganga Wakuu wa mikoa hii watueleze wazi ni vituo vipi vya Mbeya na Iringa vinavyotoa mofini ya kunywa leo, na orodha hiyo ibandikwe hospitalini, hata misikitini na makanisani.

Nasi Waislamu tujipime. Maziko tunayamudu. Akifariki mtu saa tatu asubuhi, adhuhuri sanda ipo, jeneza lipo, na vijana wa kuchimba wamekwisha maliza. Lakini miezi minne ambayo marehemu alikuwa akigeuzwa na mkewe peke yake, tulikuwa wapi? Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, nasi huitimiza kwa dakika kumi na mfuko wa machungwa. Ni msikiti gani mjini Iringa au Mbeya wenye watu wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike, waliofundishwa na muuguzi wa hospitali kumlaza mgonjwa upande, kumsafisha kinywa, kumtayamamisha, kumsaidia kuandika wasia na madeni yake angali ana akili timamu, na kumkalia usiku mkewe alale? Mafunzo hayo si ya mwaka mzima. Hospitali itakayoombwa na msikiti iyatoe ikakataa, hiyo nayo itakuwa imejipima yenyewe.

Mzee wetu aliishi wiki saba baada ya muuguzi yule kuja. Katika muda huo alilipa deni la shilingi 40,000 alilokuwa akidaiwa sokoni Mwanjelwa, akawapatanisha wanawe wawili, na akamfundisha mjukuu wake sura fupi alizokuwa hajazihifadhi. Baada ya arobaini yule dada alirudi tena kwa bodaboda yake, safari hii kumwangalia mjane. Alikaa barazani kiasi cha saa nzima, akaulizia usingizi wa mama.